Kabla ya Kumleta Mtaalamu wa Kigeni: Mwajiri Achague Kibali Kipi?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mtambo wa kukamua mafuta ya alizeti umeshushwa bandarini Dar es Salaam, umesafirishwa hadi Singida na umewekwa juu ya msingi wa zege uliomwagwa mwezi mmoja kabla. Wakulima wameanza kuvuna na magunia yanarundikana. Kampuni iliyouza mtambo iko tayari kumtuma fundi wake aje kuufunga, na tiketi yake ya ndege imekwisha kununuliwa. Ni katika hatua hiyo ndipo mwenye kiwanda anauliza, kwa mara ya kwanza, fundi huyo ataingia nchini kwa hati gani.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini waajiri wengi watautambua. Swali la kibali huachwa hadi mwisho, kana kwamba ni karatasi ya kugongwa mhuri tu, ilhali lilipaswa kuulizwa siku mkataba wa ununuzi wa mtambo ulipokuwa ukijadiliwa. Fundi akiingia kwa viza ya matembezi na kukutwa kiwandani akiwa na spana mkononi, atakayeondolewa nchini ni yeye, atakayejibu mashtaka pamoja naye ni mwajiri, na mtambo utabaki umesimama msimu wote. Mkulima aliyetegemea kuuza alizeti yake hapo hatakuwa na habari ya viza ya mtu yeyote. Atakachokiona ni lango lililofungwa.

Makala haya yanaeleza namna mwajiri wa Tanzania Bara anavyoweza kutambua njia sahihi ya kisheria ya kumwajiri au kumtumia raia wa kigeni. Tutaendelea na kiwanda hicho hicho cha Singida, kwa kuwa kiwanda kimoja cha ukubwa wa kati kinaweza kuhitaji njia nne au tano tofauti kwa watu wanaokula chakula cha mchana meza moja.

Mamlaka mbili, maswali mawili

Kwa miaka mingi mamlaka ya kuruhusu ajira za wageni yalikuwa yametawanyika katika taasisi mbalimbali, na mwajiri aliyekataliwa hapa aliweza kujaribu kule. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni Na. 1 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika mwezi Septemba mwaka huo, ilikusanya mamlaka hayo na kuyaweka mikononi mwa Kamishna wa Kazi, aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia masuala ya kazi. Tangu hapo, mgeni haruhusiwi kufanya kazi, wala mwajiri haruhusiwi kumwajiri, bila kibali cha kazi kilicho hai.

Kibali hicho hakimpi mgeni haki ya kuishi nchini. Haki hiyo hutokana na kibali cha ukaazi kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Kwa hiyo mwajiri anakutana na mamlaka mbili zinazouliza maswali mawili yasiyofanana. Kamishna wa Kazi anauliza: je, kuna sababu ya kazi hii kufanywa na mtu asiye raia? Uhamiaji inauliza: je, mtu huyu anafaa kuingia na kuishi hapa, na kwa madhumuni gani? Kibali cha kazi hutangulia, kibali cha ukaazi hufuata. Aliyepata cha kwanza pekee bado hajaruhusiwa kuishi, na aliye na cha pili pekee bado hajaruhusiwa kufanya kazi.

Mkanganyiko mkubwa unatokana na herufi. Mamlaka zote mbili zimepanga vibali vyake kwa madaraja ya A, B, C na kuendelea, lakini herufi hizo hazina maana moja. Katika vibali vya kazi, Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri. Daraja B ni la wenye taaluma maalumu zilizoainishwa, wakiwamo wataalamu wa afya na walimu wa sayansi na hisabati. Daraja C ni la taaluma na kazi nyingine. Daraja D ni la wanaofanya kazi katika taasisi za dini na za hisani zilizosajiliwa. Na Daraja E ni la wakimbizi. Katika vibali vya ukaazi, Daraja A ni la wawekezaji na waliojiajiri, Daraja B ni la walioajiriwa, na Daraja C ni la makundi mengine kama wanafunzi, watafiti na wastaafu.

Matokeo yake ni kwamba meneja wa kiwanda mwenye kibali cha kazi Daraja C ataomba kibali cha ukaazi Daraja B. Mwajiri asiyelijua hilo huona C kwenye karatasi ya kwanza, akajaza C kwenye fomu ya pili, na ombi la mtaalamu wake likapelekwa kwenye kundi la wanafunzi na wastaafu. Kosa hilo ni dogo kwa kuandika na kubwa kwa kurekebisha.

Fundi wa wiki sita

Turudi kwa fundi wa mtambo. Hakuajiriwa na kiwanda cha Singida. Mwajiri wake yuko nje na mshahara wake unalipwa huko. Waajiri wengi huona kuwa hoja hiyo inatosha kumfanya mgeni wa kawaida. Haitoshi. Kinachoangaliwa ni anachokwenda kukifanya akiwa ndani ya nchi, na kufunga mtambo ni kazi, awe analipwa hapa, analipwa kwao au halipwi kabisa.

Kwa kazi za namna hii, Idara ya Uhamiaji hutoa viza ya biashara, inayowahusu wageni wanaoingia kwa shughuli za muda mfupi za kibiashara au za kitaalamu, ikiwamo kufunga na kutengeneza mitambo. Viza hiyo ni ya muda usiozidi siku 90 na ada yake iliyotangazwa ni Dola za Marekani 250. Viza ya matembezi, ambayo kwa raia wa nchi nyingi hugharimu Dola 50, ni ya mapumziko, kutembelea ndugu na mambo ya aina hiyo. Tofauti ya Dola 200 imewaponza watu wengi. Ukiilinganisha na bei ya mtambo, au hata na gharama ya siku moja ya kiwanda kilichosimama, haina uzito wowote.

Yapo mambo mawili ambayo mwenye kiwanda anapaswa kuyafikiria mapema. La kwanza ni uraia wa fundi. Raia wa baadhi ya nchi huombewa viza ya rufaa, ambayo hutolewa baada ya kupata idhini ya Kamishna Jenerali wa Uhamiaji, na uchunguzi wake huchukua muda mrefu kuliko viza za kawaida. Kampuni inayouza mitambo inaweza kuwa ya nchi moja na fundi wake akawa raia wa nchi nyingine. Ni vyema jina na nakala ya pasipoti yake viombwe mara tu mkataba unaposainiwa.

La pili ni urefu halisi wa kazi. Kufunga mtambo kunaweza kuchukua wiki sita, lakini baada ya hapo huja majaribio, marekebisho, kusubiri kipuri, na pengine kumfundisha mwendeshaji. Mwajiri anayejua tangu mwanzo kwamba kazi itafika miezi mitano hapaswi kuibana ndani ya siku 90 kwa matumaini kwamba mambo yatajipa. Wala kumtoa fundi kupitia Namanga asubuhi na kumrudisha jioni hakuibadilishi kazi yake kuwa fupi. Maofisa wa mpakani wana kumbukumbu za kuingia na kutoka, na safari za namna hiyo huonekana kwenye mfumo. Kazi ikiwa ndefu, njia yake ni kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Mwenye shaka kama kazi yake bado ni ya muda mfupi anashauriwa kuuliza kwa maandishi ofisi ya Kazi na ofisi ya Uhamiaji ya mkoa kabla ya fundi kupanda ndege, akitaja kazi yenyewe, mahali na idadi ya siku.

Meneja wa uzalishaji, na Mtanzania aliye nyuma yake

Fundi ataondoka. Lakini mwenye kiwanda anataka pia meneja wa uzalishaji kutoka nje, mtu aliyeuzoea mtambo wa aina hiyo, akae miaka miwili. Hapa hakuna njia ya mkato. Hii ni ajira, na njia yake ni kibali cha kazi Daraja C kikifuatiwa na kibali cha ukaazi Daraja B.

Sheria inamtaka Kamishna wa Kazi ajiridhishe kwamba juhudi zote zimefanyika kumpata Mtanzania mwenye sifa kabla ya nafasi kupewa mgeni. Ushahidi wa juhudi hizo huletwa na mwajiri mwenyewe: tangazo la kazi, idadi ya walioomba, walioitwa kwenye usaili na sababu za kutowachukua. Zipo nyakati ambapo tangazo lenyewe ndilo linalomwangusha mwajiri. Tangazo linalodai uzoefu wa miaka 15 kwenye mtambo uliotoka kiwandani miaka minne iliyopita, au ufasaha wa lugha ambayo hakuna mfanyakazi wala mteja wa Singida anayeizungumza, ni tangazo lililoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Afisa anayelisoma ameyaona mengi ya aina hiyo.

Kibali cha kazi hutolewa kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kinaweza kuhuishwa, ila sheria imeweka ukomo wa jumla ya miaka ambayo mgeni mmoja anaweza kushikilia ajira hiyo. Msingi wa ukomo huo ni sharti ambalo, kwa maoni ya mwandishi, ndilo moyo wa sheria yote na ndilo linaloshughulikiwa kwa uzembe mkubwa zaidi: mpango wa kurithisha ujuzi. Kila mwajiri wa mgeni anatakiwa kuandaa mpango unaoonesha namna ujuzi wa mgeni huyo utakavyohamia kwa Watanzania katika kipindi cha ajira yake, pamoja na programu ya mafunzo ya kufanikisha hilo.

Mipango mingi ina ukurasa mmoja na sentensi moja: kwamba kampuni itawajengea uwezo wazawa. Sentensi hiyo haimtaji mzawa yeyote. Mpango unaoaminika unamtaja. Katika kiwanda chetu, unaweza kueleza kwamba msaidizi wa meneja ni kijana fulani aliyehitimu chuo cha ufundi stadi, aliye na mkataba wa ajira tayari. Kwamba katika miezi sita ya kwanza ataongoza zamu ya usiku akiwa na meneja. Kwamba kufikia mwezi wa kumi na mbili atakuwa anasoma vipimo vya joto na mgandamizo na kufanya matengenezo ya kila wiki peke yake. Kwamba mwezi wa kumi na nane ataongoza kiwanda kwa majuma mawili meneja akiwa likizoni, na taarifa ya majuma hayo itahifadhiwa. Unaeleza pia atapata mshahara gani kila anapopanda hatua, maana kijana aliyefundishwa kazi ya meneja na kulipwa mshahara wa kibarua atahama, na ujuzi utakuwa umerithiwa na kiwanda cha jirani.

Mwenye kiwanda ana hoja yake, na si ya kupuuzwa. Amekopa benki, mtambo ni mgeni nchini, na mtu pekee anayeuamini mkononi mwake ni yule aliyewahi kuuendesha. Sheria haimnyimi mtu huyo. Inampa hadi miezi 24 ya kuanzia. Inachomuuliza, siku anapokuja kuomba nyongeza, ni nani mwingine anayeujua mtambo huo sasa. Ikiwa jibu ni hakuna, basi tatizo limehama kutoka kwenye uhaba wa wataalamu na kuwa la mwajiri mwenyewe, ambaye uzalishaji wake wote unategemea afya, ndoa na matakwa ya mtu mmoja anayeweza kuondoka kwa ndege ya kesho.

Sharti lingine linalochelewesha maombi ni la vyeti. Vyeti visivyo vya Kiswahili au Kiingereza vinatakiwa kutafsiriwa na kuthibitishwa. Kwa taaluma zinazosimamiwa na bodi, usajili wa bodi ni lazima: mhandisi wa kigeni husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na shahada za nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa utambuzi. Hapa pana jambo la kuchunga. Waajiri hupenda vyeo vizito, wakamwita mtu "mhandisi mkuu" kwenye mkataba ilhali ni fundi mchundo mwenye uzoefu mzuri. Neno hilo moja linaamsha sharti la usajili asiloweza kulitimiza. Cheo kilichoandikwa kwenye mkataba, kwenye maelezo ya kazi, kwenye tangazo na kwenye fomu kiwe kimoja, na kilingane na vyeti.

Katika sekta za madini na mafuta na gesi, pamoja na sheria hizi zipo kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania, zikiwamo za sekta ya madini za mwaka 2018, zenye masharti ya ziada juu ya nafasi za wageni na mipango ya kuwarithisha. Waajiri wa sekta hizo wasiishie kwenye makala haya.

Mwanahisa anayetaka kukaa ofisini

Kiwanda kina mbia wa kigeni mwenye asilimia 40 ya hisa. Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kama hisa hizo zinampa ruhusa ya kufanya kazi. Kumiliki hisa hakumpi mtu kibali chochote. Akibaki kwao na kupokea gawio lake, hahitaji kibali cha kazi. Akija kusimamia mauzo kila siku, kusaini hundi na kuwapangia wafanyakazi zamu, anahitaji kibali cha kazi Daraja A na kibali cha ukaazi Daraja A. Ipo tabia ya kumwandika mbia kama mfanyakazi wa kawaida, au mfanyakazi wa kawaida kama mwekezaji kwa kumpa hisa chache za jina tu. Njia zote mbili huanza kuvuja pale nyaraka za Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, za Mamlaka ya Mapato na za mfuko wa hifadhi ya jamii zinapowekwa pamoja mezani.

Mradi uliosajiliwa na kupewa cheti cha vivutio vya uwekezaji una nafuu yake. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997 ilimruhusu mwekezaji kuwa na wageni hadi watano katika kipindi cha kuanzisha mradi, na sheria ya mwaka 2022 ikaiongeza idadi hiyo hadi kumi. Mwaka 2025 Kituo cha Uwekezaji na Mamlaka ya Maeneo Maalumu ya Uzalishaji kwa Mauzo ya Nje viliunganishwa na kuwa Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi Tanzania, TISEZA, na mwenye mradi anapaswa kuuliza huko nafuu inayomhusu kwa sasa. Ieleweke kwamba nafasi hizo hurahisisha hoja ya kwa nini mgeni. Hazimwondolei mgeni huyo wajibu wa kuomba kibali cha kazi na cha ukaazi kwa jina lake.

Vilevile, si kila biashara iko wazi kwa mgeni hata akiwa na mtaji. Julai 2025, Serikali kupitia Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia, uwakala wa huduma za fedha kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki, kuongoza watalii na ununuzi wa mazao shambani. Kwa kiwanda chetu amri hiyo inagusa mahali halisi. Kukamua alizeti ni shughuli ya kiwanda. Lakini mbia wa kigeni hawezi kwenda shambani kununua alizeti kwa mkulima. Mtanzania anayemsaidia mgeni kukwepa amri hiyo naye ametajwa kuwa mkosaji.

Mhasibu kutoka Nairobi

Kiwanda kimempata mhasibu Mkenya. Kwa kuwa raia wa nchi nyingi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaingia bila viza, wengi hudhani kwamba kazi nayo iko wazi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai, 2010, inatambua uhuru wa wafanyakazi kuhama kutoka nchi moja mwanachama kwenda nyingine, lakini kila nchi iliorodhesha makundi ya wafanyakazi iliyokubali kuyafungulia, na kibali cha kazi bado kinahitajika. Kabla ya kumhakikishia mhasibu wake ajira, mwajiri aulize kama nafasi hiyo imo kwenye orodha ya Tanzania. Kwa taaluma ya uhasibu yapo pia makubaliano ya kutambuana yaliyosainiwa na bodi za nchi wanachama mwaka 2011, yanayorahisisha usajili kwenye Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Makubaliano hayo yanahusu utambuzi wa taaluma. Kibali kinabaki palepale.

Wasioonekana kwenye orodha ya mishahara

Mke wa meneja atakuja kwa pasi ya mfuasi. Pasi hiyo inamwezesha kuishi na mumewe, haimruhusu kufanya kazi. Akipata nafasi ya kufundisha katika shule ya Singida mjini, shule hiyo ndiyo itakayomwombea kibali chake mwenyewe. Kijana wa kigeni anayekuja kujitolea miezi mitatu kwenye mradi wa wakulima naye anahitaji njia yake, kwani kujitolea ni kazi mbele ya sheria hata kama hakuna mshahara. Taasisi zinazowapokea vijana hao kwa viza ya matembezi huwaweka vijana wenyewe katika hatari wasiyoijua. Mtafiti huanzia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa kibali cha utafiti.

Mkimbizi ana daraja lake, E, ambalo halilipiwi ada. Waajiri wachache wanalifahamu. Katika mikoa ya magharibi wapo wakimbizi wenye ujuzi wa uuguzi, ualimu na ufundi, na mwajiri anayewahitaji aanze kwa kuwasiliana na mamlaka zinazosimamia huduma za wakimbizi, kwa kuwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 nayo ina masharti yake juu ya kutoka kambini na kufanya kazi.

Kwa wenye matawi pande zote mbili za Muungano, uhamiaji ni suala la Muungano, lakini ajira si suala la Muungano. Kibali cha kazi kilichotolewa Tanzania Bara hakimruhusu mgeni kwenda kufanya kazi katika tawi la Unguja au Pemba, ambako inatumika Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005 ya Zanzibar. Hoteli na kampuni za ujenzi hukosea hapa mara nyingi, kwa kumhamisha mpishi au msimamizi wiki mbili "kusaidia" upande wa pili.

Maombi yenyewe, na baada yake

Maombi ya vibali vyote viwili hufanyika kwa njia ya mtandao na malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo. Hakuna ada halali inayolipwa mkononi. Vishoka wanaosimama nje ya ofisi wakiahidi kibali cha siku mbili huuza ama karatasi ya kughushi ama kitu ambacho mwombaji angekipata mwenyewe; na kibali cha kughushi kikigundulika, mgeni ndiye anayekuwa nacho mkononi. Mwajiri anayeona hawezi kushughulikia maombi mwenyewe anaweza kutumia wakili au mtoa huduma aliyesajiliwa, ila ayasome aliyojaziwa kabla hayajawasilishwa, kwa sababu taarifa ya uongo ndani ya fomu hubaki kuwa yake.

Msingi ni kwamba maombi yaanze mgeni akiwa bado nje ya nchi. Barua ya maombi ieleze kazi kwa lugha ya kawaida. Nyaraka za kampuni, leseni, uthibitisho wa kodi, mkataba wa ajira, wasifu, vyeti, maelezo ya kazi na mpango wa kurithisha ujuzi viwe na majina yanayofanana herufi kwa herufi na pasipoti. Pasipoti yenyewe iwe na muda wa kutosha kuzidi kibali kinachoombwa.

Ombi likikataliwa, barua ya kukataliwa hueleza sababu. Zipo sababu zinazorekebishika, kama cheti kisichotafsiriwa, na zipo zinazohusu nafasi yenyewe. Sheria inampa mwombaji asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna wa Kazi haki ya kukata rufaa kwa Waziri. Kuendelea kumfanyisha mgeni kazi wakati rufaa inasubiriwa si haki mojawapo, na adhabu ya kuajiri bila kibali ni faini, kifungo au vyote viwili.

Kibali kikitoka, kinafungwa na mwajiri, cheo na mahali palipotajwa. Meneja wa Singida hawezi kuazimwa na kiwanda dada cha Dodoma, wala kupandishwa kuwa mkurugenzi, wala kuhamia kwa mshindani akiwa na karatasi ile ile. Kampuni mpya huomba upya. Nakala za vibali zihifadhiwe mahali pa kazi, maana maofisa kazi na maofisa uhamiaji hufanya ukaguzi, na jibu kwamba nyaraka ziko makao makuu halimalizi ukaguzi. Tarehe ya mwisho ya kila kibali iandikwe kwenye kalenda ya ofisi miezi kadhaa kabla, kwa kuwa maombi ya kuhuisha nayo yanahitaji taarifa ya utekelezaji wa mpango wa mafunzo, na taarifa hiyo haiandikiki kwa usiku mmoja kama mafunzo hayakufanyika.

Meneja akimaliza mkataba, au akiondoka kabla ya muda, mwajiri anatakiwa kuzijulisha ofisi zote mbili na kurejesha vibali. Waajiri wengi hulisahau hili kwa kuwa mtu amekwisha kwenda. Jina lake likibaki kwenye kumbukumbu kama mfanyakazi wa kiwanda, maswali yatakayofuata juu yake, popote atakapokuwa, yataletwa Singida.